Aliyenyamaza Ameridhika

3 Februari

Dada, shikamoo.

Najua umeshaanza kununa kwa kuona barua badala ya simu. Nisikilize kwanza. Kutwa nzima nina simu sikioni. Nikitoka kazini sikio la kushoto limewaka moto, na mtu akinipigia natamani kuitupa dirishani. Halafu Mama mwenyewe alisema simu inamchosha, anataka kujibu pumzi inakatika katikati. Barua unamsomea akiwa amelala, akitaka tena unarudia. Kwa hiyo nitaandika, na Shemeji atabeba kwenye basi lake. Kama anabeba vifurushi vya watu asiowajua, hawezi kushindwa na karatasi ya shemeji yake.

Umeuliza kazi ikoje. Tuko ghorofa ya tatu, chumba kirefu, madawati yametenganishwa kwa mbao zilizobandikwa zulia ili sauti zetu zisigongane. Kampuni inauza mashine za oksijeni za nyumbani, zile zinazovuta hewa ya chumbani, zinaichuja, zinampa mgonjwa anayohitaji bila habari ya kubeba mitungi. Mwenye shida na mashine yake anapiga simu, napokea, nafungua lalamiko kwenye kompyuta, namwambia la kufanya. Likiisha nalifunga. Kila neno limeandikwa mbele yangu, hata pole. Mliniita Kasuku tangu utotoni kwa kuropoka, na sasa nalipwa kwa kurudia maneno ya watu. Mama acheke hapo.

Msimamizi wetu tumempa jina la Asali, kwa sauti yake. Huyo anaweza kukufukuza kazi na wewe ukamshukuru. Juzi alitukusanya na keki. Kuna amri mpya ya serikali kwamba kila kampuni ya vifaa vya wagonjwa ipeleke hesabu za malalamiko yake kwenye ofisi ya kutetea walaji, na kila duka libandike hesabu hizo ukutani, mnunuzi aone kabla hajatia mkono mfukoni. (Walaji ndio sisi wanunuzi. Usiniulize nani anakula mashine.) Basi sisi tumetoka na tisini na sita. Katika kila wateja mia waliolalamika, tisini na sita wameridhika. Hakuna kampuni iliyotukaribia.

Mwambie Mama kwamba mkono wa binti yake umo kwenye hiyo tisini na sita.

Kasuku wenu


16 Februari

Mdogo wangu,

Marahaba. Sikununa, nilikasirika, na hayo ni mambo mawili. Mama amenisomesha barua yako mpaka naijua kwa moyo. Kila nikifika kwa Asali anacheka, akicheka anakohoa, akikohoa nawagombeza nyote wawili.

Hali yake siwezi kukuficha. Miaka yote ile ya kuwapikia watoto wa shule kwenye moshi imekuja kudai chake. Daktari anasema mapafu hayatarudi, kilichobaki ni kumsaidia kupumua, na oksijeni isikatike. Mitungi imemvunja Shemeji wako mgongo. Anaipandisha ngazi begani, na mtungi ukiisha siku ya mapumziko, duka limefungwa, sote tunakaa tukimtazama Mama midomo isigeuke buluu.

Kwa hiyo nimekwenda kununua mashine. Wewe unanijua, nguo yoyote naigeuza ndani nje kabla sijainunua. Nje kila mtu anashona vizuri, ukweli uko kwenye mishono ya ndani. Lakini mashine utaigeuzaje? Imefungwa, ina kifuniko cheupe na taa, muuzaji anaisifu kama anamwoza binti yake. Nikaiona hiyo karatasi yenu ukutani. Mdogo wangu, nilisimama pale nikafurahi peke yangu. Nikasema leo wametugeuzia nguo. Kampuni zilikuwa mbili tu zenye mashine ya kumfaa Mama. Nyingine walioridhika ni sabini na moja. Yenu tisini na sita.

Muuzaji akaanza, oo, mama, hii ya sabini na moja watu hawairudishi. Nikamwambia soma ukuta wako mwenyewe. Nadhani ile ina kamisheni nzuri kwake.

Nimeuza cherehani ya kudarizi. Usianze kulia, ilikuwa inanichelewesha tu, na ile ya kawaida inatosha. Mitungi yote nimeirudisha kwa mwenyewe, ngazi zimepumzika. Sasa mashine iko pembeni ya kitanda inaunguruma, taa ya kijani imewaka, na Mama anaiita Kasuku kwa sababu haiishi kuongea. Jana amekaa dirishani akanihesabia makosa ya kushona. Ndiyo furaha niliyokuwa nayo mwaka huu.

Dada yako


2 Machi

Dada,

Nimefurahi kwamba Mama amekaa dirishani. Nimesoma hapo mara nyingi.

Nina ombi, na naomba usiniulize sana. Tafuta mtungi mmoja wa oksijeni, ujazwe, ukae chumbani kwa Mama kama akiba. Najua mmerudisha. Rudini mkauchukue mmoja. Na mvua zikianza, msiitegemee mashine peke yake, hasa chumba kikiwa na unyevu. Mkiona Mama anachoka bila sababu, mwekeeni mtungi hata kama mashine inaonekana nzima.

Si kwamba kuna tatizo. Ni tahadhari tu, mtu wa kazini anajua vitu vidogo vidogo.

Hapa mambo ni yale yale. Wiki iliyopita nilimpigia mteja mmoja, mwalimu mstaafu, kumuuliza kama alipokea mpira mpya wa puani tuliomtumia. Akapokea mke wake. Tuliongea kidogo. Tangu hapo sijisikii vizuri, nadhani ni mafua.

Kiapo cha siri tulichokula hapa ni kikali kuliko nilivyodhani. Hata hivyo vitu vidogo vidogo havitakiwi kutoka. Kwa hiyo, Dada, tafadhali, hii ibaki kati yetu. Usiende dukani kuuliza. Nakujua.

Msalimie Shemeji.

Kasuku


15 Machi

Mdogo wangu,

Barua yako imeniharibia siku na Mama akaniona. Ilibidi nimdanganye kwamba umeomba kitambaa.

Hebu tuongee. Unaniambia niweke mtungi, halafu unasema hakuna tatizo. Unaniambia nisiulize, halafu unasema unanijua. Mashine imetoka kwenye kampuni yako, wewe mwenyewe umeniandikia tisini na sita kwa mkono wako na keki juu. Ninunue, nimenunua. Sasa unataka nini? Nikikusoma kwa utulivu naona maana moja tu: unaona nimemnunulia Mama kitu cha haraka haraka ili nipumzike na mitungi. Uko mbali, hujamgeuza kitandani hata mara moja mwaka huu, lakini mawazo ya kunifundisha unayo.

Mtungi wa akiba haupatikani. Mwenye mitungi ameshawapa wengine, na hao wanaongoja ni wagonjwa wasio na mashine kabisa. Nikamnyang'anye mtu pumzi kwa sababu mdogo wangu ana mafua?

Taa ni ya kijani. Naitazama asubuhi, naitazama nikiweka sufuria, naitazama nikizima cherehani. Mvua zimeanza na haijawahi kubadilika.

Kama una neno, liseme. Kama huna, usinitie roho juu bure.

Mama anakusalimu. Anasema koti lake la buluu ukija ulichukue, yeye haendi popote. Nimemwambia asiongee upuuzi.

Dada yako


24 Machi

Kwa: Karani, Dawati la Malalamiko
Kutoka: Msimamizi wa Huduma kwa Wateja

Mpendwa mwenzetu,

Kwanza nakushukuru kwa moyo wako wa kujali. Si kila karani angefikiria kuwapigia wateja ambao malalamiko yao yameshafungwa.

Hata hivyo nimeona kwenye kumbukumbu za simu kwamba umefanya hivyo mara kadhaa mwezi huu, bila kutumwa. Napenda kukukumbusha utaratibu, kwa upole. Mteja akilalamika, anapewa ushauri. Akiwa bado na shida, anapiga tena. Asipopiga kwa wiki mbili, anahesabiwa ameridhika na lalamiko linafungwa. Mtu mwenye shida hanyamazi. Utaratibu huu ulikubaliwa tangu mwanzo na hauvunji amri yoyote ya ofisi ya walaji, ambayo inataka tupeleke idadi, nasi tunapeleka.

Umeniambia kwamba baadhi ya familia ulizozungumza nazo zimefiwa. Nawapa pole kwa dhati. Lakini wateja wetu ni wagonjwa, na wagonjwa wa mapafu hufariki wakiwa na mashine na wasio na mashine. Si kazi ya karani kuunganisha mambo hayo, na kuyasema nje ni kuvunja kiapo ulichokula.

Kuanzia kesho utakuwa Dawati la Mauzo. Nadhani patakufaa, una sauti nzuri.

Wako katika huduma,
Msimamizi


29 Machi

Dada,

Mpeleke Mama hospitali leo. Ukimaliza mstari huu acha kusoma, mpeleke, utarudi kusoma yaliyobaki.

Nimekupigia tangu jana hupokei. Najua umenichunia kwa ajili ya barua ile. Nimempigia Shemeji, yuko njiani, simu yake haishiki. Nampa barua hii dereva wa basi la mchana, nitaendelea kupiga.

Sasa neno ulilolitaka. Yule mwalimu mstaafu alilalamika mara moja kwamba mashine inaunguruma lakini hapumui vizuri. Karani akamwambia asafishe kichujio. Hakupiga tena, tukafunga, ameridhika. Nilipopiga kuulizia mpira wa puani, mke wake akaniambia mpira ulifika siku tatu baada ya mazishi. Akanishukuru kwa kukumbuka. Dada, alinishukuru.

Nikajiambia ni bahati mbaya. Nikampigia mwingine aliyeridhika, kisha mwingine. Wengine walikuwa wazima, walikuwa wamechoka tu kungoja laini. Wengine wamenunua mashine nyingine. Na wengine anapokea mtoto au mke. Wote hao maneno ni yale yale: ilikuwa inaunguruma, taa ilikuwa ya kijani.

Fundi wetu nilimbana kwenye ngazi akanieleza. Ndani kuna chembe zinazochuja hewa. Zikila unyevu zinakufa, hasa msimu wa mvua. Mota inaendelea kuzunguka na hewa inaendelea kutoka, lakini ni hewa hii hii ya chumbani. Na ile taa inasoma mota. Haisomi hewa. Mota ikizunguka, kijani. Wanajua, toleo jipya limerekebishwa, la zamani bado linauzwa.

Na ile kampuni ya sabini na moja. Nimeulizia kwa msichana anayefanya kazi huko. Wao wanawapigia wateja wote walionyamaza, na wasiyempata hawamhesabu kuwa ameridhika. Ndiyo maana namba yao ni ndogo. Wewe ulisoma ukuta vizuri kabisa. Ukuta ndio haukuulizwa swali la pili, mmejuaje wameridhika.

Barua yangu ya mtungi nilikuwa nimeshajua nusu ya haya. Niliogopa ungekwenda dukani ukapiga kelele, wakajua imetoka kwangu, tukakosa mshahara unaomnunulia Mama dawa. Nikadhani mtungi utatosha mpaka nipate uhakika. Niliogopa, Dada, sina jina lingine la kuliita.

Usitazame taa. Mtazame Mama midomo.

Kasuku


10 Aprili

Sikuandikii ili tupatane. Nakuandikia kwa sababu kuna mambo sikuyasema mbele za watu.

Ulipofika msibani hukulia kwanza. Uliingia chumbani kwa Mama, ukapita watu wote, ukachomoa waya wa mashine ukutani. Mpaka dakika ile ilikuwa bado inaunguruma, hakuna aliyekumbuka kuizima. Nikakufuata jikoni nikakuuliza, ulijua? Ukanyamaza. Ulidhani nimeshaisoma barua yako, au ulikuwa unaogopa, mimi sijui. Kwa utaratibu wenu sijui ningekuhesabu vipi.

Barua yako ya ishirini na tisa ilikuwa kwenye koti la Shemeji wako. Dereva mwenzake alimpa kituoni asubuhi ya mazishi, akaitia mfukoni akaisahau, na nani angemlaumu. Niliisoma watu walipokwisha kuondoka.

Sasa nikueleze ilivyokuwa, kwa sababu hukuuliza. Siku ile uliyokuwa unapiga, pumzi yake ilikuwa imeanza kuwa fupi. Nikatazama taa, kijani. Nikaweka kiganja kwenye mpira wa puani, hewa inatoka. Nikasema basi ni ugonjwa wenyewe umezidi, mashine inafanya kazi yake. Nikapiga namba ya huduma iliyobandikwa kwenye kifuniko. Moyoni nilitamani upokee wewe, ingawa nilikuwa nimekukasirikia. Akapokea kijana mwenye heshima zake. Akanipa pole, akaniambia nisafishe kichujio, ningoje, kama bado nipige tena. Nikasafisha. Nikangoja. Nilikaa kitandani nimemshika mkono nikingoja kama nilivyoambiwa, na Mama akawa anaishia pale pale mbele yangu, taa inawaka.

Sikupiga tena. Nipige niseme nini?

Na simu zako niliziona. Nilikuwa nakata gauni la mtu, nikaona jina lako, nikaigeuza simu kifudifudi juu ya meza nikaendelea kukata. Hilo ni langu, silitupi kwako. Lakini lile la mtungi ni lako. Ungeniandikia mstari mmoja tu, Dada, taa inadanganya. Ningekwenda dukani nikapiga kelele, ndiyo, wangekufukuza, ndiyo. Tungekula ugumu wetu na Mama yupo.

Usije kwa sasa. Koti la buluu nimelikunja nimeliweka kwenye mfuko, Shemeji wako atakuletea.

Dada yako


12 Aprili

Mteja wetu mpendwa,

Tunatumaini unaendelea vizuri. Tarehe 28 Machi ulituarifu kuhusu shida ya mashine yako, nasi tulikupatia ushauri. Tangu wakati huo hatujasikia kutoka kwako.

Tunafurahi kuona kwamba shida yako imetatuliwa. Kama sivyo, tafadhali tupigie kabla ya mwisho wa wiki hii. Tusipokusikia, tutakuhesabu miongoni mwa wateja wetu walioridhika.

Kila pumzi yako ni muhimu kwetu.

Idara ya Huduma kwa Wateja


25 Mei

Dada, shikamoo.

Umesema nisije, sikuja. Hukusema nisiandike.

Wamenirudisha Dawati la Malalamiko. Mvua zimeleta simu nyingi na makarani wawili wameacha kazi. Asali amenirudishia kiti kwa mikono miwili na sauti yake ile ile. Nilitaka kumtupia kiapo chake usoni niondoke. Kabla ya hapo nilikuwa nimekwenda ofisi ya walaji, siku yangu ya mapumziko, nikawaeleza yote, jina langu juu. Aliyenisikiliza ni bwana mpole, akanipa kiti, akanipa maji. Akasema kampuni haijavunja chochote. Amri inauliza ni wangapi walioridhika, haiulizi mmejuaje. Akasema ni hoja nzuri, wataitazama amri ikifanyiwa marekebisho. Nikamuuliza lini. Akasema siku zote huchukua muda. Nilimrudishia glasi yake nikashuka ngazi.

Kwa hiyo nikarudi nikakaa kwenye kiti. Na Jumatatu iliyopita ukapiga.

Simu zote zinarekodiwa, wewe unajua, ndiyo maana hukunitaja wala sikukutaja. Nilikutambua kwa jinsi ulivyovuta pumzi kabla ya kuongea. Nikasoma maneno kama yalivyo. Karibu huduma kwa wateja, nikusaidie nini. Ukasema, nina lalamiko la zamani, la mashine ya Mama. Nikalifungua. Nikaona jina la Mama limeandikwa pale, na chini yake kuna makarani watatu tofauti, wiki baada ya wiki, kila mmoja ameandika neno moja, bado. Ndipo nikajua unapiga kila Jumatatu tangu ulipoipata ile barua yao.

Nikakuuliza, kama ilivyoandikwa, shida yako imetatuliwa? Ukasema, bado. Nikakuuliza, kama ilivyoandikwa, mgonjwa anaendeleaje? Nikasikia cherehani yako inazunguka kidogo, ikasimama. Kisha ukasema, wewe andika bado. Nikaandika. Nikakuuliza kama kuna jambo lingine. Ukasema utapiga tena wiki ijayo, ukakata.

Nilikwenda chooni nikakaa huko mpaka Asali akaja kunigongea.

Sasa nisikilize ninalofanya, ulijue kwa sababu litakwisha vibaya. Nimeanza kuwapigia tena. Mke wa mwalimu nimempigia, na wengine. Nawaambia habari yako, mama mmoja anayepiga kila wiki kusema bado. Siwaambii wafanye nini. Mke wa mwalimu aliniuliza kama lalamiko lililofungwa linaweza kufunguliwa. Nikamwambia ukipiga tu, linafunguka. Akasema ana muda mwingi siku hizi.

Watanishika, simu zinarekodiwa. Safari hii sitafuti uhakika kwanza.

Koti la Mama limenitosha. Sikutegemea. Nilimkumbuka kama mtu mkubwa kuliko mimi.

Kasuku


4 Juni

Mdogo wangu,

Marahaba.

Nilijua ni wewe ulipopokea. Sauti yako ya kazini ni ya ajabu, kama mtu aliyevaa viatu vya mwenziwe. Usipokee tena, mwachie mwingine. Nataka wote waliomo chumba hicho wanisikie, mmoja mmoja, mpaka wanitambue kabla sijasema jina.

Mashine nilijaribu kuirudisha dukani. Nikaambiwa mwenye jina kwenye risiti aje mwenyewe. Nikamwambia muuzaji kwamba Mama hawezi kuja. Akasema basi aandike barua. Yule yule aliyenishauri ile ya sabini na moja, nikamwomba radhi papo hapo mbele ya watu, akaona haya, akaniletea soda. Mashine iko pale pale pembeni ya kitanda, nimeifunika shuka.

Nikiwa pale dukani nikatazama ukuta. Wamebandika karatasi mpya. Tisini na tano. Nimesimama mbele yake muda mrefu mpaka msichana wa duka akaniuliza kama nimepotea. Kulikuwa na mama mwingine anaisoma, ana mgonjwa nyumbani, mumewe. Akaniambia tisini na tano ni nzuri, au siyo? Nikamwambia kaa nikueleze. Tulikaa kwenye viti vya wateja. Nilimweleza kwa sauti ya kawaida, sikupiga kelele, ungeniona usingeamini. Aliondoka bila kununua. Muuzaji alinisikia yote na hakunifukuza.

Sasa nakwenda huko kila siku ya soko, nina kazi ya kupinda suruali za watu mkononi, nakaa. Anayekuja kusoma ukuta namsogelea. Haimrudishi Mama. Sijidanganyi, na wewe usijidanganye. Usiku nikiamka bado nasikiliza mngurumo.

Kama wakikufukuza, njoo. Cherehani ni moja, lakini vifungo na pindo ni vya mkono, na wewe mkono unao kama hukuusahau. Utalala chumba cha Mama, kitanda nimekitandika.

Najua unataka kuniuliza kama nimekusamehe, na unaogopa kuuliza. Andika bado. Lakini usilifunge.

Jumatatu nitapiga.

Dada yako